Kabla hujalipa ekari, pima: yaliyonikuta Njoro

Juzi ndugu mmoja wa Lugari amenitumia meseji. Anachimba dimbwi la maji ya mvua la kumwagilia sukuma wiki na nyanya, wachimbaji wamemwambia kazi ni mita za ujazo 360 na wanataka walipwe kwa kila mita. Juu dimbwi ni mita 12 kwa 10, kina mita 3. Ukizidisha unapata 360 kweli, kwa hivyo watu wataapa hakuna wizi hapo. Nikamuuliza kitu kimoja tu, chini ni ngapi kwa ngapi? Akasema 6 kwa 4, kuta zimelazwa ili zisibomoke.

Ehe. Sasa hiyo si sanduku, huwezi kuzidisha kama sanduku. Juu una mita mraba 120, chini 24, na pale katikati ya kina ni 9 kwa 7 yaani 63. Chukua ya juu, ongeza ya chini, ongeza ya katikati mara nne, inakuja 396. Zidisha kwa kina, 3, halafu ugawe kwa 6. Jibu ni 198. Jamaa alikuwa alipie mita 162 za udongo ambao hakuna mtu ataugusa, na mbaya zaidi alikuwa ashapanga kiangazi chote akijua ana lita 360,000 kumbe atakuwa na 198,000, na hapo hujatoa yale yanayokauka na jua.

Mimi mambo haya sikufundishwa na semina yoyote, nilifundishwa na ekari moja kule Njoro, na hii story nimeichelewesha kuandika kwa sababu bado inaniuma kidogo.

Nilikuwa nakodi shamba la mahindi. Mwenye shamba, mzee wa heshima kabisa, anasema ni ekari, shilingi 15,000 kwa msimu, kila mtu aliyelima hapo alilipa hivyo na hakuna aliyeuliza. Mimi nikaenda na tepu ya mita 50 na kijana wa kushika upande ule mwingine. Upande wa barabara ulikuwa mita 75. Kutoka barabara hadi ua wa chini mita 54. Zidisha, 4,050, na ekari ni mita mraba 4,047, kwa hivyo mzee hakuwa anaota, mtu aliwahi kupima hivyo akaacha hapo. Lakini shamba lilikuwa linabanwa kule chini, ule upande wa mwisho ulikuwa mita 45 tu! Unajumlisha 75 na 45, unagawa kwa mbili unapata 60, mara 54. Mita mraba 3,240. Ukigawa kwa 4,047 ni nukta nane ya ekari.

Nikarudi kwake na karatasi, nikamwamkia vizuri, nikamwambia mzee, nitalipa 12,000. Alinyamaza muda mrefu. Akakubali, lakini jioni sokoni nikasikia eti kuna kijana amekuja kumfundisha mzee shamba la babake. Mwenye trekta naye nikamwambia ni nukta nane, akacheka mbele ya watu akaniita mwalimu wa hesabu, na alipomaliza nikamlipa 3,200 badala ya 4,000 na akachukua. Msimu uliofuata mzee alimpa mtu mwingine shamba. Sawa tu. Huyo mwingine analipa 15,000 mpaka leo na ananisalimia kwa huruma.

Lakini nilivuna vizuri, na hapa ndipo watu hawaelewi, wanadhani kupima ni kwa ajili ya kubishana na bei ya kukodi. Kama unapanda sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kwa shimo, ekari inachukua mimea kama 18,000. Hiyo yangu ilichukua 14,400. Mbegu badala ya kilo 10 nilinunua nane, mbolea ya DAP badala ya gunia zima la kilo 50 nilitumia 40 nikabaki na 10. Mtu anayedanganywa ekari anadanganywa mara nne: kukodi, kulima, mbegu, mbolea. Halafu akivuna anasema mbegu ilikuwa feki.

Na nyinyi nyinyi, sokoni mtagombana na mama wa watu dakika kumi kwa sababu gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, haikujaa mpaka juu, kisha mnatoa elfu kumi na tano bila tepu. Acheni hayo.

Shamba likiwa na kona za ajabu, ligawe pembetatu pembetatu kwa kamba, kila moja upime upande mmoja na urefu wa kusimama wima kutoka huo upande hadi kona inayoukabili, zidisha, gawa kwa mbili, jumlisha zote. Kama ni mteremko, kama kwetu kule Subukia, usilaze tepu chini kwenye nyasi, ivute iwe sawasawa hewani vipande vifupi vifupi, la sivyo utapata ekari kubwa kuliko iliyo kwenye title. Zile programu za simu za kupima ukizunguka shamba ni nzuri kwa ekari kumi, kwa robo ekari simu ikikosea mita chache kila kona umeharibikiwa. Hatua 70 kwa 70 za wazee nazo zinakaribia ekari, zikiwa hatua za yadi, lakini mzee mrefu na mzee mfupi hawana yadi moja.

Dawa pia. Pima mita 10 kwa 10, weka maji matupu kwenye pampu ya mgongoni, pulizia mwendo wako wa kawaida, uone umemaliza lita ngapi. Zidisha mara 40, hizo ndizo lita zako za ekari. Ukitumia 5 ni lita 200, yaani pampu kumi za lita 20, na dozi ya ekari iliyoandikwa kwenye chupa unaigawa kwa hizo kumi. Mwenzako anayetembea haraka atapata pampu saba, na dozi yake kwa kila pampu si yako, kwa hivyo usimuulize anaweka vifuniko vingapi.