Muulize Fundi wa Pampu: Springi za gavana na mlima wa Sipi

*Fundi, salamu nyingi kutoka Mbale. Nina lori la zamani, Tata lenye injini ya Cummins lita 5.9, ile ya valvu 12 na pampu ndefu ya Bosch. Napandisha saruji ya Tororo hadi Kapchorwa, nashuka na mahindi. Nikipanda Sipi kwa gea ya tatu, injini inafika mizunguko 2,500 kwa dakika na kugoma. Nikitia ya nne inazama, karibu izimike, narudi ya tatu. Kijana wangu ameona Wamarekani wakibadilisha springi za gavana kwenye injini hiyohiyo, inapita 3,000. Kuna mtu Kampala anaweza kuniletea hizo springi. Ninunue?*
— Mwenye lori, Mbale

Mzee wangu, pesa yako iweke mfukoni kwanza. Barua yako imeniambia ugonjwa, na ugonjwa wenyewe hauko kwenye springi.

Ndani ya gavana kuna vyuma viwili vizito vinavyozunguka pamoja na kamshafti ya pampu. (Hii siyo ile spidi gavana ya matatu, hiki ni kiungo cha pampu yenyewe.) Injini ikienda mbio, vyuma vinataka kutawanyika, springi zinavibana. Mbio zikizidi, vyuma vinashinda, vinarudisha nyuma raki (fimbo ya ndani ya pampu inayopima dizeli), dizeli inapungua. Ukiweka springi ngumu zaidi, vyuma vinachelewa kushinda. Kazi yake ni hiyo tu. Chini ya hapo haikuongezei dizeli hata tone.

Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme kati ya gea yako ya tatu na ya nne kuna pengo la 1.6. Ukibadilisha ukiwa 2,500, injini inaangukia kama 1,560. Injini hii ya lita 5.9 ikiwa na turbo, nguvu yake ya kuvuta iko kileleni karibu na 1,600. Yaani pale unaposema inazama ndipo inapotakiwa kukupandisha kwa nguvu zake zote! Ikifia hapo, ama umebeba kupita kiasi kwa gea ya nne, ama injini haipati chakula chake: dizeli au hewa. Springi za 3,000 zitakufichia ugonjwa kwa muda, na wewe utaendelea kuunguza dizeli kwenye tatu.

Anza hivi. Zima injini, mwambie tanboi akanyage eksileta mpaka chini kabisa, wewe tazama mkono wa pampu. Je, mkono huo unagusa skrubu ya mwisho inayouzuia? Mwezi uliopita kwenye karakana yangu Katwe lililetwa lori ambalo mwenyewe alishauza mbuzi wawili ili anunue pampu nyingine. Nilipoinama na tochi, kati ya mkono na skrubu kidole changu kidogo kilipita. Tundu la fimbo ya eksileta lilikuwa limelika na kuwa refu kama yai. Tulilichomea, tukalitoboa upya, akaondoka jioni ileile. Mkono wako ukiwa unafika, badilisha filta ya dizeli, kagua pampu ndogo inayovuta kutoka tangi, kisha kagua mipira yote kati ya turbo na manifoldi. Mpira uliopasuka chini, upande usioonekana, ndio unaotesa malori mengi ya milimani: moshi mweusi, nguvu hakuna.

Kuhusu hao Wamarekani, wanasema kweli. Dodge za 1994 hadi 1998 zilitoka na pampu ya P7100, na gavana yake ina springi ndani ya vile vyuma vyenyewe, zimebanwa kwa nati. Hizo ndizo wanazobadilisha. Lakini zile ni pikapu, na wengi wao wanatafuta mbio. Wewe soma bamba la pampu yako. Tata nyingi ninazofungua zina gavana ya RSV, na hiyo ina springi kuu moja tu iliyoning'inia kwenye wenzo. Springi za kwenye vyuma vya Dodge hazina pa kukaa. Bamba likisema RSV 350-1250, usishtuke: hiyo ni mizunguko ya pampu, ambayo ni nusu ya injini. 1,250 mara mbili ni 2,500 yako.

Na kuna jambo linaloniuma kulisema. Miaka ya ujana wangu nilimpandishia mteja gavana bila kugusa springi za valvu. Aliondoka akifurahi. Baada ya wiki mbili lori lilirudi likivutwa kwa kamba. Nilipoinua silinda hedi, juu ya pistoni ya nne palikuwa na alama ya mwezi mwandamo, imechongwa na valvu iliyochelewa kufunga, na pushi rodi imepinda kama upinde. Springi za valvu zilizochoka hazimudu mbio hizo, na ukiwa na breki ya eksozi ni hatari zaidi, kwa sababu moshi uliozuiwa unasukuma valvu za eksozi zifunguke. Ukitoka 2,500 kwenda 3,000, mbio zimeongezeka kwa asilimia 20, lakini mvuto kwenye konrodi (mkono unaoshika pistoni) unaongezeka kwa asilimia 44. Kwa hiyo atakayekupandishia gavana bila kuanza na springi za valvu, mkatalie, hata akiwa rafiki.

Halafu fikiria kushuka na mahindi. Pale magurudumu ndiyo yanayosukuma injini. Gavana ikishafunga dizeli, haina mkono mwingine wa kuizuia. Sikio lako limezoea kwamba mlio wa 2,500 ndio mwisho. Likizoea 3,000, Sipi haitakusamehe.

*Fundi, bamba langu linasema RQV. Fundi wa hapa alikaza nati za springi kidogo, sasa gari likiwa sailensa, bila kukanyaga eksileta, injini inapanda na kushuka yenyewe, vuu, vuu. Kwa nini?*
— Dereva, Masindi

RQV ndiyo ile yenye springi ndani ya vyuma, na yaelekea alikaza upande mmoja zaidi ya mwingine. Nati zile zinalia "ta" kila hatua, na pande zote mbili lazima zipate hatua sawa. Mwambie azilegeze akihesabu kwa sauti, arudi zilipokuwa. Kama hakumbuki alianzia wapi, pampu ishuke, iende kwenye mashine ya kupimia. Usimruhusu akisie.

*Je, naweza kukata mzunguko mmoja wa springi ili iwe ngumu?*
— Msomaji, Kasese

Itakuwa ngumu, ndiyo, lakini pia fupi, na mwisho wake uliokatwa hautakaa sawa kwenye kikalio. Ikichomoka ndani ya gavana, raki inaweza kukwama ikiwa wazi, na injini itakimbia hata ukigeuza ufunguo. Ikikufika hiyo, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitabu kigumu, kamwe si kwa kiganja.