Kabla ya kuiweka hadharani katuni ya mtoto, ifungueni ndani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 9 ametengeneza katuni kwa bloku za Scratch, yaani vipande vya amri ambavyo mtoto huviunganisha katika tovuti hiyo ya kujifunzia kuandika programu za kompyuta, na sasa anataka watoto wengine waione, nawe hujui kama umruhusu. Umesema pia kwamba akaunti aliyofungua inatumia jina lake halisi. Wanangu wawili wamepita njia hiyo hiyo, na mengi nitakayoyaandika nimeyajua baada ya kukosea mimi mwenyewe.

Kwa maoni yangu, mruhusu. Scratch, ambayo ilitoka katika maabara ya MIT Media Lab ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kufunguliwa kwa umma mwaka 2007, ilikusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16, na kutazama kazi za wenzao ni sehemu kubwa ya namna wanavyojifunza. Ila kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hatulijui mpaka litukute: mtoto anapochapisha mradi, hachapishi ile katuni inayoonekana ikicheza tu, bali anachapisha kila kilichomo ndani yake. Mtu yeyote akibonyeza kitufe cha kutazama ndani huona bloku zote, mavazi yote ya kila mhusika (ndivyo zinavyoitwa picha zake mbalimbali), sauti zote, hata zile ambazo hazitumiki mahali popote.

Binti yangu alipokuwa na miaka 10 alitengeneza katuni ya samaki anayekikimbiza kivuli chake. Niliitazama mara tatu mwanzo hadi mwisho, nikaridhika, akaichapisha. Usiku, kwa udadisi tu wa kutaka kujua alivyokigeuza kile kivuli, niliifungua ndani. Samaki alikuwa na mavazi matano: manne ya kuchorwa, na la tano ni picha ya binti yangu aliyojipiga kwa kamera ya kompyuta akiwa na sare, beji ya shule ikisomeka vizuri kabisa. Aliipiga kwa kujaribu, akaona haifai, akaiacha pale pale bila kuifuta, na kwa kuwa hapakuwa na bloku hata moja iliyoiita, katika katuni haikuonekana kamwe. Kwenye kichupo cha sauti nilikuta rekodi ya sekunde chache aliyojirekodi akitoa mlio wa mapovu, na nyuma ya mapovu yale inasikika sauti ya mtu mzima ikimwita kwa majina yake yote mawili akaoge. Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Tuliuondoa mradi hadharani usiku ule ule, tukafuta picha na rekodi, tukahifadhi upya, kisha tukauchapisha tena. Tangu hapo hakuna mradi unaotoka nyumbani kwetu kabla hatujaupitia pamoja, mhusika mmoja baada ya mwingine, mandhari nazo zikiwemo, na kila sauti tunaisikiliza hadi mwisho. Nasema pamoja kwa makusudi. Ukiikagua kazi yake peke yako, mtoto ataona unampekua. Mkikaa naye, na yeye ndiye anayeshika kipanya, atakuwa anakutembeza katika kazi yake, na ndani ya wiki chache ataanza kuyaona makosa hayo kabla yako.

Msizisahau orodha na vibadilika, yaani sehemu ambamo mradi huweka maneno na namba za kutumia, maana huko ndiko hata mimi nilikuwa sipakumbuki. Mwanangu mdogo alitengeneza mhusika anayemuuliza mtazamaji jina lake na mahali anapoishi, kisha akayaingiza majibu katika orodha. Majibu ya mtazamaji wa kawaida hayabaki katika mradi, lakini yale aliyoyaandika yeye mwenyewe wakati wa kujaribu yalikuwa yamehifadhiwa pamoja nao. Orodha yenyewe ilikuwa imefichwa isionekane kwenye skrini, na hilo halimzuii aliyefungua ndani kuisoma. Ikaguliwe na yaliyomo yafutwe. Vilevile someni kisanduku cha maelezo na shukrani, kwa sababu watoto hupenda kuandika hapo umri wao, darasa lao na majina ya rafiki zao waliowasaidia, tena kwa nia njema kabisa.

Jambo lingine la kumweleza mapema ni kwamba kazi yoyote iliyochapishwa huko inaruhusiwa kunakiliwa na kubadilishwa na wengine, mradi tu wamtaje mwenyewe. Wapo watoto wanaolia wakidhani wameibiwa, kumbe ndio utaratibu. Kwa upande wa usalama, maana yake ni hii: ukishaondoa mradi wako, nakala ambayo mwingine alikwisha kuitengeneza haiondoki nao. Ndiyo sababu nasisitiza ukaguzi ufanyike kabla ya kuchapisha.

Kuhusu maoni ya watazamaji, yanaweza kufungwa katika kila mradi, na kwa mtoto anayeanza mimi ningeyafunga kwa mwezi wa kwanza. Baadaye yafungue, kwa kuwa sifa ya mtoto mwenzake aliyeelewa ugumu wa kazi ile ina uzito kuliko yako na yangu. Scratch haina ujumbe wa faragha baina ya watumiaji, kwa hiyo mtu anayetaka kuzungumza na mtoto kwa siri hana budi kumwalika kwingine. Hiyo ndiyo dalili niliyowafundisha wangu: anayekuomba mhamie kwenye programu nyingine, hata akisema ni mtoto, usimjibu, niite, tubonyeze pamoja kitufe cha kuripoti.

Nywila haigawiwi kwa rafiki, na barua pepe ya akaunti iwe yako.

Sasa lile la jina. Mtumiaji hawezi kulibadilisha jina la akaunti yake mwenyewe, kwa hiyo njia nyepesi ni kufungua akaunti mpya yenye jina la kubuni, lisilo na mwaka wa kuzaliwa wala jina la shule. Kwenye akaunti ya zamani fungueni kila mradi, mwuhifadhi kwenye kompyuta, kisha mwupakie katika akaunti mpya. Bloku, michoro na sauti vyote vitahamia kama vilivyokuwa. Mioyo, yaani alama za kupendwa zinazotolewa na watazamaji, na wafuasi havihami, na hapo ndipo patakapokuwa na kilio. Binti yangu aliacha mioyo 23 nyuma, akanuna siku mbili, kisha akaanza kulibuni jina jipya kwa bidii kuliko alivyomchora yule samaki. Ile akaunti ya zamani iombeeni kufutwa kupitia ukurasa wa mipangilio mara tu mtakapohakikisha kwamba mafaili yote yanafunguka.