Je, saratani imeongezeka maradufu kijijini?

Dada wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, pole sana kwa msiba wa mzee. Unauliza kama saratani imeongezeka maradufu, maana mwaka jana wazee 2 walifariki nayo kijijini kwenu na mwaka huu 4. Hofu yako naielewa, ila namba ndogo hivyo huyumba zenyewe. Kifo kimoja tu hubadilisha picha yote. Jumlisha vifo vya miaka 5 au zaidi, kisha gawa kwa idadi ya wazee, si ya kijiji kizima. Wazee wakiwa wengi, vifo huongezeka hata kama hatari ya kila mmoja haijabadilika. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha watu wa rika moja, wa miaka 60 hadi 64, 65 hadi 69, na kuendelea.

Linaloniuma zaidi ni wazee wanaofia nyumbani bila kupimwa, ikasemwa ni uzee tu au wamerogwa. Kwa hiyo takwimu zikipanda, huenda ni vipimo vimewafikia watu. Rejista ya Saratani ya Kampala huhesabu wagonjwa wa Kyadondo, yaani eneo la Kampala na viunga vyake. Usizichukue namba zake ukazivika Arua.

Na mzee akikojoa kwa shida, au mama akitokwa damu baada ya kukoma hedhi, msingoje takwimu. Mpelekeni hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo.