Husuni Kubwa, kasri lisilo la vita

Swali la wiki hii linatutaka tutaje gofu moja la kale ambalo watu hulipita bila kulielewa. Jibu langu ni Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Wageni wengi huteremka chomboni, wakapiga picha Gereza, ngome ya zamani, kwa kuwa liko karibu na pwani na kuta zake bado zimesimama, wakazunguka Msikiti Mkuu, kisha wakarudi Kilwa Masoko bila kufika kwenye jabali la mashariki ya mji, ambako Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri lake mwanzoni mwa karne ya 14.

Husuni maana yake ni ngome, lakini anayekwenda akitarajia ngome ya vita atashangaa. Kasri lina vyumba zaidi ya 100, na upande wake wa kusini ni ua mpana uliozungukwa na safu za vyumba ambavyo wataalamu wa mambo ya kale wanaviona kuwa vilikuwa maghala. Zama hizo dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa Kilwa, na kwa maoni yangu sultani huyu, ambaye msafiri Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu alipofika mwaka 1331, alitaka mali ilale palepale alipolala yeye.

Vyumba vyenyewe ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hautoi boriti ndefu kadiri mtu apendavyo. Fundi alipotaka kujionyesha alijenga kuba, au alichonga matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi. Kaskazini, ukingoni mwa jabali, kuna birika la kuogea lenye pembe nane, na mbele zaidi ngazi ya kuteremkia ufukoni. Kwangu mimi birika hilo peke yake linatosha kumtoa mgeni mjini.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba hapo katika miaka ya 1960, aliona kwamba kasri halikukamilika wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014.

Anayetaka lazima kitu chenye sura ya ngome aende jirani tu, Husuni Ndogo: ukuta wa mstatili wenye minara, na ndani karibu patupu. Kazi yake bado inabishaniwa.