Siku niliyomzuia binti yangu asichanjwe

Mwaka 2019 binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 14. Shuleni kwao, huku Mbagala, walitangaziwa kwamba wauguzi wanakuja na chanjo ya HPV, virusi vya ngono vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Siku hiyo nilimbakiza nyumbani. Maneno yalikuwa yamezagaa saluni kwamba ile sindano inafunga kizazi, nami niliyaamini bila kumuuliza hata muuguzi mmoja. Linaniuma mpaka leo.

Miaka miwili baadaye wifi yangu alianza kutokwa damu, na alikuwa ameshakoma hedhi. Kwa aibu alinyamaza miezi kadhaa. Tulipofika Ocean Road, hospitali ya saratani, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Kila alfajiri tulipanda daladala kumpeleka kwenye mionzi. Pale kwenye mabenchi nilikaa na wanawake wadogo kuliko mimi, waliokuwa bado wanatamani watoto. Mionzi ya nyonga huua mayai na kuharibu mji wa mimba. Yaani ile hofu yangu ya kizazi kufungwa niliikuta pale, kwenye ugonjwa na tiba yake. Chanjo haifanyi hivyo.

Aprili 2024 Tanzania ilipoanza kutoa dozi moja badala ya mbili, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, binti yangu mdogo alikuwa na miaka 10. Safari hii aliyesita ni baba yake: mtoto wa miaka 10 na virusi vya ngono wapi na wapi, si ni kama tunamruhusu? Nilimwambia, chandarua tunafunga kabla mbu hajaingia. Chanjo hii huzuia virusi visiingie, vikishaingia, haiviondoi. Umri huo umechaguliwa kwa sababu hiyo, wala hakuna anayemshuku mtoto.

Mama mwenzangu, usiache binti yako aisikie habari hii mara ya kwanza akiwa kwenye foleni. Kaa naye jioni, mwambie ni sindano ya begani, mkono utauma siku moja mbili, pengine na homa kidogo. Asubuhi hakikisha amekunywa chai na kula. Akishachomwa akae dakika 15, maana wapo wanaozirai kwa woga tu. Kama anaishi na VVU, mwambie muuguzi, yeye huhitaji zaidi ya dozi moja.

Yule mkubwa nilimweleza ukweli na kumwomba radhi. Alikuwa ameshavuka umri wa chanjo ya bure, tukaenda hospitali binafsi tukalipia. Kama wako naye amevuka, muulizeni daktari. Kuanzia miaka 21 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi mbili, zikipishana miezi 6.

Na wewe mwenyewe kapime. HPV aina ya 16 na 18, ambazo chanjo inazizuia, husababisha takriban saratani 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi. Zinazobaki hugunduliwa kwa kupima, hata kwa aliyechanjwa. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki iliyochanganywa na maji, akaangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ni dakika chache. Binti yangu mkubwa ndiye aliyenisindikiza.

Wifi tulimzika bila kuwahi kupimwa hata mara moja kabla ya kuugua. Kituo cha afya kilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake.