Jibu: Kuwalipa wanablogu waitangaze tovuti ya ufugaji wa samaki
Ndugu, umeuliza kama inafaa kuwalipa wanablogu waitangaze tovuti yako ya ufugaji wa ngege (tilapia) kwenye vizimba huko Kisumu. Inafaa, mradi umchague anayesomwa na wafugaji wenyewe, kuanzia Dunga hadi Usenge kando ya Ziwa Victoria, hata kama ni wachache, badala ya yule mwenye maelfu ya wafuasi wanaotafuta vichekesho. La kuangalia zaidi ni kiungo (link) kinachomtoa msomaji kwenye makala ya mwanablogu hadi tovuti yako: Google hukataza viungo vilivyonunuliwa ili kuipandisha tovuti katika matokeo ya utafutaji, na tangu 2019 ipo alama ya "sponsored" ambayo mwanablogu huiweka kwenye msimbo wa kiungo cha kulipiwa ili Google ijue kimelipiwa; akikataa kuiweka, mwache. Wasomaji nao waelezwe wazi kwamba makala imelipiwa. Malipo ya M-Pesa yagawe, nusu ya pili ikisubiri makala ichapishwe.