Maswali ya Wasomaji: Kuzuru Phnom Penh

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kahawa Magharibi. Sisi ni marafiki wanne ambao tumekuwa tukiweka akiba katika chama chetu ili tuzuru Thailand, Vietnam na Kambodia kwa gharama nafuu, kila mtu na shanta lake mgongoni. Tumesoma maelezo ya wasafiri waliotutangulia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, na tumebaki njia panda. Mmoja anasema mji huo una huzuni na asubuhi moja inautosha; mwingine anasema alilia siku nzima na akatoka humo mtu mpya; wa tatu anastaajabu jinsi wenyeji wanavyotabasamu baada ya yote yaliyowapata. Wenzangu wawili wanashikilia kwamba kuzuru magereza na makaburi ya halaiki ni kujiburudisha kwa misiba ya watu. Je, twende au tupite?

JIBU: Nendeni, na mkae zaidi ya asubuhi moja. Maelezo mliyoyasoma yana kasoro moja inayoyaunganisha yote, nayo ni kwamba yanatueleza msafiri alivyojisikia na kutuachia habari chache mno za mji wenyewe.

Tarehe 17 Aprili 1975, wapiganaji wa Khmer Rouge, kundi la wakomunisti wa Kambodia, waliingia Phnom Penh, mji ambao wakati huo ulikuwa umefurika watu waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe na mabomu ambayo ndege za Marekani ziliyaangusha mashambani hadi mwaka 1973, hata wakazi wake wakafikia takriban milioni 2. Wote waliamriwa kutoka, wakiwemo wagonjwa waliolazwa hospitalini, kwa kisingizio kwamba Wamarekani wangeushambulia mji na kwamba wangeruhusiwa kurudi baada ya siku chache. Mji ulibaki karibu mtupu hadi majeshi ya Vietnam yalipouteka tarehe 7 Januari 1979. Katika kipindi hicho kisichofika miaka minne, watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi za shokoa na mauaji, katika nchi iliyokuwa na takriban watu milioni 8 tu.

Gereza mlilosoma habari zake ni Tuol Sleng, ambalo Khmer Rouge waliliita S-21. Lilikuwa shule ya upili, na hadi leo lina sura ya shule: majengo ya ghorofa yenye baraza ndefu, sakafu za vigae vya rangi mbili, na uani nguzo za mazoezi ya viungo ambazo walinzi walizigeuza kuwa mahali pa kuwaning'iniza wafungwa. Baadhi ya madarasa yamegawanywa kwa kuta za matofali zilizojengwa ovyo ovyo, zikafanya vyumba vyembamba ambamo mtu alifungwa pingu sakafuni. Kwenye baraza za jengo mojawapo kumetandazwa seng'enge ili mfungwa asiweze kujirusha chini akafa kabla ya kumaliza kuhojiwa. Lipo pia bango la masharti ya wafungwa, na moja ya masharti hayo linamkataza mtu kulia hata kidogo anapochapwa au kupigwa shoti ya umeme. Zaidi ya watu 12,000 walipitia humo, na walionusurika wanahesabika kwa vidole. Mkuu wa gereza, Kaing Guek Eav aliyejulikana kama Duch, alikuwa mwalimu wa hisabati. Mahakama maalumu iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilimpa kifungo cha maisha mwaka 2012 baada ya rufaa, naye akafariki mwaka 2020.

Nawashauri msimame kwa muda mrefu mbele ya picha za wafungwa. Kila aliyeingia alipigwa picha, wengine wakiwa na namba kifuani, na miongoni mwao wamo watoto na kina mama waliopakata wachanga. Wamo hata wasafiri: Kerry Hamill wa New Zealand na John Dewhirst wa Uingereza, vijana waliokuwa wakisafiri kwa mashua, walikamatwa katika bahari ya Kambodia mwaka 1978, wakalazimishwa kukiri kwamba ni majasusi, kisha wakauawa.

Kuhusu wenzako wanaoona aibu kwenda, hoja yao ni nzito, lakini nadhani inawalenga wasiostahili. Si wageni waliojitungia wazo la kupafanya mahali hapo jumba la makumbusho. Tuol Sleng ilifunguliwa mapema baada ya utawala ule kuanguka, na baadhi ya walionusurika walikuwa wakikaa uani wakiuza vitabu vya maisha yao, kwa hiari yao, ili wasomwe. Aibu ni ya yule anayetoka kwenye makaburi akakubali dereva wa tuktuk ampeleke kulenga shabaha kwa bunduki, jambo ambalo watalii wamekuwa wakipendekezewa kwa miaka mingi kama sehemu ya mzunguko wa siku. Mkipendekezewa, kataeni. Kataeni pia kupelekwa kwenye nyumba za watoto yatima kutazama watoto wakicheza ngoma, kwa sababu imebainika kwamba wengi wa watoto hao wana wazazi na hufugwa humo ili wavute michango ya wageni.

Na sisi wa Nairobi tusijifanye kana kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Pasipoti zenu mtazifuata Nyayo House, na chini ya jengo hilo hilo mna vyumba ambamo watu walioshukiwa kuipinga serikali waliteswa katika miaka ya 1980, wengine wakifungiwa ndani ya maji. Wangapi kati ya wanaopanga foleni pale juu wameomba kuviona?

Suala la tabasamu linanikera kidogo. Sehemu kubwa ya wakazi wa Phnom Penh wamezaliwa baada ya 1979, na wanacheka kwa sababu zile zile zinazowafanya watu wacheke kwenye kituo cha matatu cha Githurai. Amkeni mapema mwende Uwanja wa Olimpiki, kazi ya msanifu Vann Molyvann iliyokamilika mwaka 1964, muwaone wazee wakifanya mazoezi kwa muziki. Kisha mkanywe kuy teav, supu ya tambi ambayo wenyeji huifungulia siku, kando ya soko kuu lenye kuba la rangi ya manjano lililojengwa mwaka 1937. Mtu aliyefanya hayo hawezi kuuita mji huo wa huzuni.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Buruburu. Mpwa wangu alinionyesha picha za mnara uliojaa mafuvu ya watu huko Kambodia. Kwa nini hawakuzikwa?

JIBU: Mwalimu, hilo ni swali ambalo Wakambodia wenyewe wamelijadili. Hapo ni Choeung Ek, kilomita kama 15 kutoka katikati ya Phnom Penh, ambako wafungwa wa Tuol Sleng walipelekwa usiku na kuuawa, mara nyingi kwa kupigwa marungu na majembe. Karibu miili 9,000 ilifukuliwa hapo, na mnara ulijengwa mwaka 1988. Kwa desturi ya Kibudha, maiti huchomwa, na marehemu Mfalme Norodom Sihanouk alitaka mabaki yale yachomwe ili roho zipumzike. Serikali iliamua yahifadhiwe kama ushahidi. Mimi naona mfalme alikuwa na haki kidini, lakini naelewa woga wa upande wa pili, kwani wapo waliokana kwamba mauaji yalitokea. Wageni huvua viatu kabla ya kuingia mnarani. Mvua ikinyesha, mifupa na vipande vya nguo bado huibuka njiani, na watunzaji huviokota. Jambo nisilolipenda ni zile bangili za nyuzi ambazo wasafiri huzifunga kwa mamia kwenye mti ambao watoto wachanga walipigizwa. Najua hufungwa kwa nia njema, lakini nyingi zinaonekana zimetoka mkononi baada ya tamasha la muziki. Wenyeji huwakumbuka wafu wao wakati wa Pchum Ben, sikukuu ya siku 15 mwezi Septemba au Oktoba, kwa kupeleka chakula pagodani.

SWALI: Mume wangu anafanya kazi Bangkok, na likizo ijayo tutapitia Phnom Penh pamoja na binti yetu wa miaka tisa. Je, tumpeleke? Mama wa Donholm.

JIBU: Hapana, dada. Tuol Sleng kuna picha za maiti kama zilivyokutwa vitandani, na mtoto wa umri huo hazimfai. Mmoja wenu aende asubuhi huku mwingine akimtembeza mtoto kwenye hekalu la Wat Phnom au kando ya mto Tonle Sap, kisha mpokezane alasiri. Akiuliza mlikuwa wapi, mwambieni ukweli kwa kiasi anachoweza kukibeba.